Samaki Aliyekaa Eda

Siku ya tatu baada ya mazishi ya Zaidi, mumewe, Hamida aliulizwa swali ambalo alijua litakuja, na hata hivyo lilimkuta hajajiandaa. Aliyeuliza ni wifi yake, Tabu, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mrefu kutoka Busi kule Kondoa, mwenye sauti ya kuitia mbuzi walio kilima cha pili. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake waliokaa mikekani, na Tabu hakujisumbua kupunguza sauti.

"Hamida, mke wa ndugu yangu, tunakuuliza kama wanavyoulizwa wenzio. Una kitu cha Zaidi tumboni?"

"Sina, wifi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akauliza kama chai imechemka. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mizizi ya Kondoa na vidonge vya mjini, safari za hospitali na za waganga, vyote vikafungwa kwa neno moja mbele ya wanawake kumi na wanane. Swali lenyewe halina ubaya. Kila mjane huulizwa, ili eda yake ijulikane: asiye na mimba hukaa miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba hukaa mpaka ajifungue. Lakini kuulizwa ukiwa na miaka ishirini ni jambo moja, na kuulizwa ukiwa na arobaini na nne ni jambo jingine kabisa. Hamida aliinama akawa anachezea uzi uliochomoka kwenye mkeka.

Zaidi alikuwa mhudumu katika wizara moja ya serikali, mtu wa kubeba mafaili kutoka ofisi hii kwenda ile, na presha ilimwangusha akiwa kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali, faili likiwa bado kwapani. Waliokwenda kumwinua walisema alikuwa anatabasamu. Hamida hakuwaamini, maana watu husema hivyo kwa kila maiti, ila aliwashukuru.

Sebuleni kwao Nkuhungu, Dodoma mjini, juu ya meza iliyopaswa kuwa ya televisheni, kulikuwa na tangi la kioo la samaki wa mapambo. Tangi hilo lilikuwa la bosi mmoja, zamani wizara ilipokuwa bado mjini. Siku ya kuhamia Mtumba bosi akasema hana nafasi ya upuuzi huo katika ofisi mpya, na Zaidi, ambaye kwa miaka mitatu ndiye aliyekuwa akiwalisha samaki wale bila mtu kumwagiza, akaomba kibali kwa maandishi, akapewa, akaenda nalo nyumbani kwenye bajaji akiwa amelipakata mapajani. Lilikuwa na gapi kumi, samaki wadogo wa urefu wa kidole cha mtoto. Dume kubwa, lenye mkia wa rangi ya chungwa linaloringa kutoka kona hii mpaka kona ile pasipo kazi yoyote, alilipa jina la Mkurugenzi. Jike moja jeupe, lisilopenda makuu, lililojibanza nyuma ya jiwe siku nzima kama watu wa kutunza mafaili ya zamani, alilipa jina la Masjala.

Hamida hakuwapenda. Na siku moja, miaka miwili kabla, alimwambia mumewe neno ambalo sasa lilikuwa linamrudia kila alipolala: "Wenzio wanaleta watoto nyumbani, wewe unaleta samaki." Zaidi hakujibu. Alichukua ndoo akaenda kubadilisha maji ya tangi, na jioni akala ugali wake kama kawaida. Angejibu, angefoka hata kidogo, labda neno lile lingekuwa limekwisha siku ileile.

Sasa msiba ndio ulioua samaki. Sebuleni kulikuwa na soketi moja tu, na waombolezaji wa siku hizi wana simu. Mmoja wao, Mungu anamjua, alichomoa waya wa pampu ya hewa akachomeka kebo yenye matundu sita, na kwa siku mbili nchi nzima ikapewa taarifa za kifo cha Zaidi kwa umeme uliokuwa wa samaki wake. Watu walipotawanyika, jirani yake Munira, mke kijana wa fundi seremala wa nyumba ya pili, ndiye aliyeingia na chujio akaopoa tisa waliokuwa wanaelea. Mkurugenzi alikuwa wa kwanza. Aliyebaki hai alikuwa Masjala, juu kabisa karibu na uso wa maji, anavuta pumzi kwa shida.

"Huyu naye mjane sasa," alisema Munira, akijaribu kumchekesha. "Mtakaa eda pamoja, dada."

Hamida hakucheka, lakini neno lile lilimwingia. Alichomeka pampu.

Basi eda ikaanza. Dada zangu mliokaa eda mnajua ilivyo, na msiokaa msiharakie kujua. Wiki ya kwanza nyumba haitulii, ya pili watu wanakuja na uji, ya tatu wanapiga simu, na baada ya hapo kila mtu anarudi kwake kwa haki kabisa, maana ana mume na watoto na shamba, na mjane anabaki na ukuta. Hamida alivaa gauni la rangi ya majivu, akaacha marashi, akazima redio. Sheria ilimtaka akae nyumbani na asijipambe. Yeye akaongeza za kwake: asisimame dirishani, asicheke kwa sauti, asizungumze na mwanamume hata kwa simu. Hakuna aliyemwambia hayo. Nadhani alikuwa anajiadhibu kwa lile neno la samaki, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumhukumu, aliketi hakimu mwenyewe.

Asubuhi hadi jioni alikuwa na Masjala. Mwanzoni alimlisha kwa ajili ya marehemu tu, kama unavyomwagilia ua la mtu aliyesafiri. Kisha akaanza kumsalimu. Kisha akaanza kuvuta kiti. Ukikaa peke yako siku ishirini, kitu chochote chenye macho kinakuwa mtu.

Ndiyo maana aligundua mapema kwamba tumbo la Masjala linavimba. Nyuma, karibu na mkia, palikuwa na doa jeusi lililokuwa linakolea kila siku, na tumbo likawa la mviringo kama punje ya zabibu. Hamida aliogopa. Alijua kwamba gapi hawatagi mayai, wanazaa. Zaidi alipenda kusema wanazaa kama mbuzi. Lakini mbuzi jike hapati mimba bila beberu, na beberu wa humu ndani alikuwa amezikwa na Munira kwenye karatasi ya gazeti. Kwa hiyo ni ugonjwa.

Alijua pia wa kumuuliza. Kwenye simu ya Zaidi kulikuwa na jina "Athuman Samaki", kijana mwenye kibanda cha samaki wa mapambo karibu na soko la Sabasaba. Lakini Athuman ni mwanamume. Basi akamtuma Munira.

Munira alikwenda akiwa na haraka zake za sokoni, nyanya mkononi, akamwambia Athuman kwamba kuna samaki yuko peke yake kwenye tangi na amevimba tumbo. Athuman akauliza, yuko peke yake kweli? Munira akasema kweli, peke yake. Athuman akasema basi huyo amevimbiwa. Apunguziwe chakula nusu, na atiwe chumvi kidogo kwenye maji. Kila mmoja alisema kweli tupu, na ndivyo kosa lilivyofanyika.

Hamida alimpunguzia chakula. Masjala alikuja mbele ya kioo akafungua mdomo, akafunga, akafungua, na Hamida alimwambia, "Vumilia, mwenzangu, ndiyo dawa hiyo." Siku ya thelathini ya eda, alipotoka kuswali alfajiri, akakuta tumbo limepwaya. Alifurahi mpaka akajishangaa. Alimwita Munira dirishani, wakamsifu Athuman.

Baada ya wiki mbili likaanza kuvimba tena. Safari hii Hamida hakuuliza mtu, dawa anaijua. Alipunguza chakula zaidi, akawa anampa kutwa moja na kumnyima kutwa ya pili. Masjala alikuwa anazunguka chini akinusa mchanga, anatema, ananusa tena. Siku ya sitini na tano, mchana, Hamida alikuwa ameketi kitini kwake alipoona kitu kinapanda kutoka nyuma ya jiwe. Kilikuwa chembamba kama kope, kina macho mawili meusi makubwa kuliko mwili. Kilisimama majini, kikatikisika. Masjala aligeuka, akakimeza, akarudi mahali pake. Tumbo lake lilikuwa limepwaya.

Hamida hakupiga kelele. Alikaa vilevile, mikono magotini, mpaka adhana ya alasiri ikapita bila yeye kuinuka, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Alielewa kwa mara moja, ingawa hakujua mimba ile ilitoka wapi. Hapakuwa na ugonjwa wowote. Huyu alikuwa anabeba watoto, mara ya kwanza na ya pili, na yeye, Hamida, mwanamke aliyezunguka nchi nzima kutafuta mtoto mmoja, alimshindisha njaa mpaka akawala.

Jioni Munira alimkuta hajawasha taa. Alipoelezwa, akashika kiuno.

"Si umpigie huyo Athuman mwenyewe, dada! Mimi nitajua nini kuhusu samaki?"

"Niko eda. Nitazungumzaje na mwanamume?"

"Nani kakukataza?"

Hamida akafikiri. Hakumpata aliyemkataza. Munira, ambaye hapendi mambo ya kubahatisha, akavuka barabara kwenda kwa mke wa ustadhi, akarudi baada ya dakika kumi anahema. "Anasema mwenye shida anazungumza na yeyote kwa adabu, hata na daktari, hata na fundi bomba. Anauliza ni nani aliyekufunga mdomo miezi miwili."

Hapo Hamida alicheka. Kicheko kilitoka kibaya, kimeshika kutu, akaziba mdomo kwa kiganja.

Athuman alipopokea, alisikia sauti ya mwanamke kutoka kwenye namba ya Zaidi.

"Shikamoo, mama. Poleni sana. Mzee Zaidi alikuwa mtu wangu."

"Marahaba. Ahsante, baba. Nina swali kuhusu samaki wake." Akamweleza yote: tisa waliokufa, mmoja aliyebaki, tumbo, doa jeusi, kile kitoto.

"Lo! Mama, nisamehe. Yule dada aliniambia samaki yuko peke yake, nikadhani amekuwa peke yake siku zote. Sikujua dume limekufa juzijuzi."

"Kwani linahusu nini? Limekufa."

"Gapi jike hayuko kama wengine, mama. Akishakutana na dume mara moja, anaihifadhi ile mbegu ndani. Dume linaweza kufa, likasahaulika, yeye anazaa mwezi huu, anazaa mwezi ujao, watoto wa marehemu walewale. Mara tatu, mara nne, inategemea."

Hamida alishika ukingo wa meza.

"Na anawala kwa nini?"

"Ni tabia yao wote. Akiwa ameshiba anaweza kuwaacha wachache. Akiwa na njaa hamwachi hata mmoja. Amezaa mara ngapi?"

"Mbili."

"Basi, mama, akizaa tena, wachukulie hao ndio wa mwisho. Kila mara wanapungua, na huyo ni mtu mzima. Lakini usiwe na shaka, nitakuletea dume jingine zuri kesho, bure kabisa, kwa heshima ya mzee."

"Hapana."

"Mbona, mama?"

"Yuko eda."

Athuman alicheka, kisha akasikia kwamba upande wa pili hakuna anayecheka naye. Akakohoa. Akaanza kumwelekeza, polepole, na Hamida akaandika nyuma ya kadi ya kliniki ya presha ya Zaidi.

Kuanzia siku hiyo nyumba ile ilipata mwenye mimba, na mwenye mimba analelewa. Hamida alimlisha mara tatu kwa siku, kidogo kidogo, chakula cha dukani na kiini cha yai la kuchemsha kilichosagwa kati ya vidole. Alibadilisha maji robo ndoo kila baada ya siku mbili. Maji ya bomba ya Dodoma, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika na yanayolalamikiwa na kila mgeni anayehamia, Athuman alisema ndiyo wanayopenda gapi, na Hamida alijisikia fahari kama vile maji yale ni ya kisima chao. Alichukua kikapu cha plastiki cha kuoshea mboga, akapasha msumari moto kwenye jiko la mkaa, akapanua matundu moja baada ya jingine, tundu la kumpitisha mtoto na kumzuia mama. Vidole viliungua. Alipokitundika ndani ya tangi, Munira alisema leba imeshapatikana, kilichobaki ni nesi.

Mwezi wa saba ukaingia na baridi yake, na ule upepo wa Dodoma unaopuliza kutwa nzima na kuacha vumbi kwenye kope na kwenye meno. Maji ya tangi yakawa baridi. Hamida alifungua sanduku, akatoa koti la Zaidi la sufu, lile alilovaa asubuhi za Mtumba, akalizungushia tangi pande tatu na kuacha upande wa mbele wazi. Aliposogeza uso kulifunga kifungo cha juu, harufu ya Zaidi ikamjia. Alibaki pale ameinama, paji la uso kwenye kioo, na Masjala upande wa pili hasogei. Miezi yote mitatu hakuwa amelia vizuri, alikuwa analia kwa adabu mbele za watu. Siku hiyo alilia kama mtu aliye peke yake, maana ndivyo alivyokuwa.

Jumanne moja umeme ukakatika saa nne asubuhi. Pampu ikanyamaza. Tumbo la Masjala wakati huo lilikuwa limejaa mpaka limekuwa na pembe, na doa limekuwa jeusi tii. Hamida alisubiri robo saa, kisha akachukua kikombe cha bati cha Zaidi, akachota maji ya tangi, akayainua juu, akayamwaga tena taratibu ili yaingie na hewa. Akachota tena. Munira alikuwa amekwenda kliniki na mwanawe, na majirani wengine walikuwa kazini. Saa sita mkono wa kulia ukafa ganzi, akahamia wa kushoto. Aliacha kwa kuswali tu, akarudi. Alikuwa anahesabu vikombe, akafika mia nane akapotea, akaanza upya. Alimwambia Zaidi, kwa sauti, kama vile yuko chumbani anavua viatu: "Sikukusaidia hata siku moja kubeba ndoo. Haya, leo nabeba." Saa tisa na nusu pampu ikakohoa, ikaanza kutoa mapovu, na Hamida akakaa sakafuni na kikombe chake.

Siku tatu baadaye, siku ya mia moja na tatu ya eda, Masjala alikataa chakula. Hamida akamhamishia kikapuni, naye akaenda konani akawa anatetemeka mahali pamoja. Ilikuwa saa nane mchana, upepo unagonga bati. Hamida alivuta kiti. Alitaka kumwita Munira, akaogopa kuondoka. Wa kwanza alitoka amekunjwa kama herufi, akazama, akapita kwenye tundu, akajikunjua kwenye mchanga. Masjala aligeuka kumtafuta, akagonga plastiki. Wa pili akafuata, na wa tatu. Wa nne hakujikunjua. Kufika alasiri walikuwa saba, na wazima kati yao watano. Hamida aligundua kwamba muda wote huo alikuwa ameshika tumbo lake mwenyewe kwa mikono miwili.

"Hongera," alisema Munira jioni, mdomo wazi mbele ya tangi. "Na huyu eda yake si imekwisha leo? Mwenye mimba akijifungua ametoka."

"Ametoka," alisema Hamida. "Kaniacha."

Na kweli alimwacha. Masjala hakupata nguvu tena. Siku ya tano alikutwa akielea ubavu, na Hamida akamzika mwenyewe uani chini ya mzabibu, akakaa kitako hapo dakika chache akiomba radhi kwa ile miezi miwili ya njaa. Mtoto mmoja naye akafa wiki hiyo. Wakabaki wanne. Wanne hao aliwalisha kiini cha yai kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno, mara tano kwa siku, na hakuna siku aliyolala bila kuwahesabu.

Lakini eda yake yeye ilikuwa inakwisha, na kuisha kwake kulikuwa kumepangwa siku nyingi. Shemeji yake Abubakari, mdogo wa Zaidi, angekuja na gari kutoka Busi, wifi yake Tabu angemwogesha na kumvisha kanga mpya, na siku hiyohiyo angepanda gari kwenda kukaa nao kule milimani, kwa kuwa mwanamke asiye na mtoto mjini atabaki na nani? Hamida alikuwa amekubali tangu siku ya saba ya msiba. Wakati ule angekubali hata kupelekwa mwezini. Sasa alipiga simu Busi mara mbili ili kusema jambo, na mara zote mbili akaishia kuuliza habari za alizeti. Angesemaje? Kwamba haondoki kwa sababu ya samaki wanne wasiozidi punje ya mchele? Watu wangesema msiba umempanda kichwani. Na Athuman alikuwa amemwambia wazi: wakitikiswa kwenye ndoo saa nne za barabara ile, wadogo hivyo, hafiki hata mmoja.

Siku yenyewe ikafika. Tabu alimwogesha kwa maji ya uvuguvugu, akamsugua mgongo kwa nguvu kama anayesugua sufuria, akamfunga kanga mpya za kijani, akampaka mafuta na marashi. Mikono yake mikubwa ilikuwa na upole ambao Hamida hakuutegemea. Wanawake wachache wa jirani walipiga vigelegele vya chini. Nje Abubakari alikuwa ameshapakia sanduku na magodoro, gari linanguruma.

"Haya, kuna nini kingine cha kubeba?" aliuliza Tabu, akiingia sebuleni. Akaliona tangi, limevikwa koti la ndugu yake. Alilijua lile koti. Ndiye aliyelinunua, Kondoa mjini, mwaka Zaidi alipopata kazi. "Na hili je?"

Hamida alisimama mlangoni.

"Wifi, siendi," alisema. "Si leo. Hawa ni watoto wa lile dume la Zaidi. Mama yao alibaki na mimba, na mimi sikujua, nikamnyima chakula, akawala wa uzazi wa kwanza na wa pili. Hawa ndio wa mwisho. Hakuna wengine tena. Nikiondoka watakufa." Kisha likamtoka lile ambalo halikuhusu samaki, au labda lilihusu. "Uliponiuliza siku ile, nilitamani sana kukujibu ninacho."

Abubakari akapiga honi. Tabu hakugeuka. Alikuwa ameinama mbele ya kioo, viganja magotini, macho yamekazwa. Vile vitoto vinne vilikuja mbele vyote, kama vilivyozoea kila mtu anapokaribia. Honi ikalia tena.

"Zima gari!" Tabu alipaza sauti dirishani, ile sauti ya mbuzi wa kilima cha pili, na gari likazimwa papo hapo.

Akavuta kiti cha Hamida, akaketi. Akasogeza uso karibu zaidi na kioo, na aliposema tena alisema kwa sauti ya chini, ile ambayo wanawake huitumia wakiingia chumba cha mzazi, wanapofunuliwa shuka na kuonyeshwa mtoto. Hamida alikuwa ameingia vyumba hivyo mara nyingi, amebeba sabuni na kanga, na kwa miaka kumi na tisa amewauliza wenzake swali linaloulizwa mle. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye.

"Yupi amefanana na baba yake?" aliuliza Tabu.

Hamida akaja akapiga magoti kando ya kiti. Ilimbidi afute macho kwanza ili aweze kuona.

"Bado hawajapata rangi, wifi," alisema. "Labda yule wa nyuma. Subiri ageuke."